Mwiko wa Fundi Viti

Shangazi aliujua mji wetu kuanzia chini, yaani kuanzia pale watu wanapokalia. Alikuwa fundi wa viti. Vya mbao alivikaza miguu, vya kamba alivifuma upya, vya sponji alivichana, akatoa uchafu wa miaka tumboni mwake, akavivalisha nguo mpya. Ukimtajia mtu yeyote mwenye duka, ofisi au mkahawa, hakukuambia kama ni mwema au mbaya. Alikuambia anavyokaa.

"Yule mwanasheria wa ghorofani? Anakalia upande mmoja. Huyo ana wasiwasi, msimpe kesi yenu."

"Mwenye duka la dawa anajiegemeza mpaka miguu ya mbele inainuka. Mvivu, lakini hana roho mbaya."

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya babu, chumba ambacho kwa watu wengine kingekuwa sebule. Ukiingia ulikuta viti vingi kuliko msibani, na hakuna hata kimoja cha kukalia: hiki hakina mguu, kile kimepakwa gundi, kile kingine kimepinduliwa kinasubiri misumari. Mgeni alisimama tu. Yeye mwenyewe alichuchumaa juu ya gunia, misumari midogo kaibana midomoni, nyundo mkononi, na aliweza kukusema mwanzo mpaka mwisho bila kumeza hata msumari mmoja. Tukimwonea huruma kwa ajili ya mgongo wake, alisema, "Mtaka cha mvunguni huinama, na mimi changu chote kiko mvunguni."

Aliolewa mara moja, mumewe akafariki mapema, akarudi kwa baba yake na sanduku la nguo na nyundo. Hakupata mtoto. Alitupata sisi, mimi na Kaka Mkubwa, watoto wa kaka yake, akatulea kwa mapenzi na makelele, na sijui kipi kilizidi. Mimi aliniita Kidomo, kwa sababu ambazo msomaji ataziona mwenyewe.

Lakini anayemkumbuka Shangazi kwa viti anakumbuka nusu yake. Sisi tunamkumbuka kwa mchuzi wa sikukuu.

Asubuhi ya sikukuu viti vya wateja vilisukumwa ukutani, mkeka ukatandikwa, na ile sufuria kubwa ikashushwa kutoka juu ya kabati. Sikio lake moja lilishang'oka zamani, likawekwa waya. Ndugu walikuja na watoto, watoto walikuja na kelele, na jikoni palijaa mpaka mtu akitaka kugeuka inabidi apige hodi. Mchuzi wenyewe haukuwa na maajabu: nyama, vitunguu, nyanya, viazi, karoti, chumvi. Mtu yeyote anaweza kuupika. Wetu ulikuwa na mambo mawili ambayo sijayaona kwa mtu mwingine.

La kwanza ni mwito. Mchuzi ukianza kuchemka, mwenye mwiko wa ukoo huwaita waliotangulia, mmoja mmoja, na kila mmoja huzungushiwa mwiko mara moja sufuriani. Hawaitwi kwa majina yao. Wanaitwa kwa kazi zao na kasoro zao, maana Shangazi alisema jina zuri mtu hupewa na wazazi wake, lakini kasoro ameitafuta mwenyewe.

"Mpanda Paa, aliyeezeka nyumba za watu na yake ikavuja!"

"Tupo!" tulijibu wote, maana ndiyo desturi. Wafu wanaitwa, walio hai wanaitika.

"Muuza Chumvi, aliyeoa wawili akaishia kulala jikoni!"

"Tupo!"

"Fundi Saa, aliyechelewa kwenye maziko ya mama yake!"

Jibu likiwa legelege, Shangazi aligonga ukingo wa sufuria kwa mwiko. "Sijawasikia. Mmekufa nanyi?" Hapo tulipiga kelele mpaka majirani wakajua tumefika kwa nani.

Maneno ya kila marehemu hutungwa na mwenye mwiko, sikukuu ya kwanza baada ya mtu kufa, na yakishatamkwa hayabadilishwi. Baba yetu alipofariki tulisubiri sikukuu ile kwa hofu. Shangazi alizungusha mwiko, kisha akasema, "Mtu wa Posta, aliyegawa barua za mji mzima na mwenyewe hakuandika hata moja." Tulicheka na kulia kwa wakati mmoja, na mama akaangusha sahani. Ilikuwa kweli tupu. Mpaka leo nikitaka kumwona baba, sitazami picha, nasema maneno yale.

Jambo la pili ni kwamba mchuzi wetu lazima uungue. Si wote, ni chini tu, kidogo, kiasi cha kuacha harufu ya moshi kwenye viazi. Hilo lilianzia kwa mama yake babu, ambaye kwenye mwito tunamwita Mgeni. Alifika mjini akiwa msichana, peke yake, kwao hakujulikani na mwenyewe hakupenda kuulizwa. Akaolewa na Fundi Saa. Sikukuu yake ya kwanza mama mkwe alimpa mchuzi akoroge, na mwenyewe akaendelea kuita wazee. Yule msichana, asiye na mzee hata mmoja wa kumwita, alisikiliza majina ya watu wa wenzake kwa moyo wote, mkono ukasahau kazi, mchuzi ukashika chini. Watu waliziba pua. Mama mkwe akaonja, akasema, "Wanangu wote wananisikiliza kwa sikio moja. Huyu amesikiliza mpaka kaunguza." Akamwachia mwiko palepale, juu ya moto. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu alipewa mwiko.

Ndiyo maana mwiko huo hautolewi kitandani wala kwenye kochi. Unatolewa juu ya chungu kinachochemka, kutoka mkono ulio hai kwenda mkono ulio hai. Mwenye nao akifa kabla hajaukabidhi, unachomwa moto, na mwito unaishia hapo. Shangazi aliupokea kwa mama yake, na mama yake aliupokea kwa Mgeni mwenyewe. Ncha yake ilikuwa nyeusi, imelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu cha zamani.

Sasa nije kwa Wifi, mke wa Kaka Mkubwa. Wifi ni msimamizi wa matanuri kwenye kiwanda cha mikate. Kazini kwake kilichoungua kinatupwa, hakijadiliwi. Alikuja kwetu na kisaa cha jikoni kinacholia, na Shangazi akampachika jina la Mama Kengele tangu wiki ya kwanza. Kila sikukuu alikula mchuzi wetu kwa adabu, akivikwangua viazi vyake taratibu kama anayesafisha kidonda. Na mwito ulipoanza tu, alitoka kwenda uani kupanga sahani. Sahani zilikuwa zimeshapangwa. Ukoo mzima tulidhani ni maringo. Wifi alilelewa kwenye kituo cha watoto yatima. Kwenye harusi upande wake ulikuwa na mlezi mmoja wa kituo na wafanyakazi wa kiwandani, basi. Tulilijua hilo vizuri, lakini hakuna aliyeliweka karibu na zile sahani.

Mikono ya Shangazi ilianza kutetemeka polepole. Kwanza misumari ilimponyoka. Kisha nyundo ikawa inampata kidole kuliko msumari, na yeye akawa anaitukana nyundo. Sikukuu moja, akiinua ile sufuria, waya wa sikio ukamteleza na mchuzi wa moto ukamwagikia mguuni. Sisi wote tulipiga mayowe. Wifi hakupiga yowe. Alimkalisha, akamwagia maji ya baridi mguuni muda mrefu, na baada ya hapo alikuja kila jioni akitoka kazini kumbadilishia kitambaa mpaka kidonda kikafunga.

Kwa hiyo sikukuu iliyofuata ilipokaribia, Kaka Mkubwa aliitisha kikao karakanani. Kaka yangu anasimamia ghala, na huongea na watu kama mizigo inayotakiwa kufika salama.

"Shangazi, mwaka huu hupiki. Tunakwenda kula nje, familia nzima. Nimeshaweka nafasi ya meza."

"Nje wapi? Uani?"

"Mkahawani, Shangazi. Ule wa kona, unaotazamana na benki."

"Wenye viti vyekundu? Vile nilivitia sponji mwenyewe."

"Basi safari hii utavikalia."

Shangazi alitoa misumari mdomoni, akaiweka kiganjani. "Na mchuzi wao ukoje?"

"Msafi, Shangazi," alisema Wifi. "Hauungui."

Alisema kwa nia njema kabisa. Shangazi alitazama mguu wake wenye kovu, akamtazama Wifi, akarudisha misumari mdomoni. Kikao kikaisha.

Walipoondoka nilibaki. Sikuweza kuvumilia, mimi nilishakuwa nachemka kuliko mchuzi.

"Mbona umekubali?"

"Mtoto amenionea huruma, nimlipe ugomvi?" Alijaribu kupiga msumari, ukaruka ukapotelea chini ya viti. Hakuutafuta. "Kidomo, mwaka huu nilitaka kuutoa mwiko. Mkono huu hauna sikukuu nyingine. Naujua, ni wangu. Na huko mkahawani hakuna moto wa kwetu."

"Waambie basi! Nikawaambie mimi?"

"Hapana. Ukiwaambia watanirudisha jikoni kwa kunihurumia, na mwiko haupokelewi kwa huruma."

"Ulitaka kumpa nani?"

Nisiseme uongo. Nilikuwa nauwaza mwiko ule tangu nikiwa na meno ya utoto.

"Ningejua ningekuwa naumwa kichwa?" alisema. "Nimewatazama wote. Wote mnasikiliza huku mnaongea."

"Mimi najua mwito mzima! Mwanzo mpaka mwisho, sikosei hata mmoja."

"Hata kasuku hakosei," alisema Shangazi, na akanipapasa shavu kwa mkono wake wa gundi.

Nililia njiani nikirudi nyumbani. Niliumia kwa ajili yangu, halafu nikaumia zaidi kwa ajili yake, maana nilielewa: angekufa na mwiko, mwiko ungechomwa, na baba yangu asingeitwa tena.

Siku ya sikukuu tulitoka kama watu wanaokwenda kupigwa picha. Kaka Mkubwa alivaa tai. Shangazi alikuja na mkoba mkubwa, na pembeni ya mkoba ulitokeza mpini wa mwiko.

"Huo wa nini, Shangazi?" aliuliza Kaka.

"Wa kujikunia mgongo."

Mkahawa ule ulikuwa na vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi, feni mbili, na kioo kirefu kilichofanya watu waonekane wengi. Shangazi hakukaa. Alikishika kiti chake, akakipindua miguu juu mbele ya wateja wote, akakagua misumari yake mwenyewe. Mhudumu alikuja mbio akidhani kuna mende.

"Misumari iko salama," Shangazi akamtuliza. "Mwambie bosi wako aache kuwaacha watoto wasimame juu ya viti."

Akakaa pembeni kabisa ya kiti, kama abiria anayeshuka kituo kinachofuata. Hapo ndipo nilipotambua kitu ambacho macho yangu yalikiona miaka yote bila kukiona. Sikuwahi kumwona Shangazi akila sikukuu amekaa. Alikula amesimama karibu na sufuria, bakuli kiganjani, akiangalia nani hajaongezwa. Sasa alikuwa hajui mikono aiweke wapi. Kila mhudumu alipopita na sahani aliinuka kumpokea, na mhudumu akamwambia, "Kaa tu, mama, hii kazi yangu."

Chakula kikaja. Wali mweupe, kila punje peke yake. Mchuzi unang'aa, viazi vimekatwa sawasawa kama sabuni za dukani. Wifi aliutazama kwa heshima. Tukajipakulia, tukaonja, na meza nzima ikatulia tuli kama maji mtungini.

Haukuwa mbaya, tafadhali. Ulikuwa mtamu. Lakini tulikuwa tunatafuna huku tunatafuta kitu, kama mtu anayepapasa mfukoni. Watoto wa Kaka wakaacha vijiko. Mjomba akakohoa. Na Kaka Mkubwa, yule yule aliyeweka meza, aliyevaa tai, akainua mkono akamwita mhudumu. Naapa mdomo wake ulitangulia akili.

"Samahani, ndugu yangu. Mchuzi huu haujaungua."

"Ndiyo, mzee," alisema mhudumu kwa furaha. "Haujaungua."

"Ndiyo shida yenyewe."

Mhudumu alimtazama, akatutazama sote, akaona hakuna anayecheka. Alikwenda jikoni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuripoti moto. Mara mlango ukafunguliwa akatoka mpishi, kipande cha mtu, taulo begani.

"Nani anasema mchuzi wangu umeungua?"

"Hakuna," alisema Kaka, sasa jasho linamtoka. "Tunasema haujaungua."

"Kwa hiyo mnalalamika nini?"

"Kwamba haujaungua."

Wifi alifunika uso kwa kitambaa cha meza. Mimi mbavu sina. Meza za jirani ziliacha kula zikageuka kututazama, na mwenye mkahawa akanyanyuka nyuma ya kaunta. Shangazi naye akasimama, na nikaona uso wake umerudi kuwa wake.

"Mwanangu," alimwambia mpishi kwa upole, "mchuzi wako hauna kosa. Kosa ni la vinywa vyetu. Wewe nipe moto tu, kidogo."

"Mama, jikoni haingii mteja."

"Fundi!" Mwenye mkahawa alikuwa amemtambua. "Huyo si mteja, huyo ndiye aliyetukalisha wote humu. Mwache aingie."

Shangazi akachukua mkoba. Nikainuka naye. Wifi naye akainuka, kitambaa bado mkononi. "Haendi kwenye moto bila mimi," alisema. "Na ule mguu?"

Jikoni mle palikuwa pembamba kama ushoroba: majiko upande mmoja, sinki limejaa sahani upande mwingine, mwisho wake ukuta wa vigae. Mpishi alimimina mchuzi wetu kwenye sufuria moja, akauweka jiko la pembeni, akakunja mikono asubiri kuona vituko. Shangazi akatoa mwiko. Aliposhika mpini na kuutia sufuriani, mkono ukaanza. Mwiko uligonga ukingo tak tak tak, hauzunguki.

Nilisogea niushike. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

"Kidomo, wewe simama mlangoni," alisema bila kunitazama. "Uitikie kwa nguvu, wa nje wasikie."

Nilikwenda mlangoni. Wifi ndiye aliyekuwa karibu, na alipoona ule mwiko unavyotetemeka karibu na mchuzi wa moto, hakufikiri mila wala desturi, alifikiri kovu. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa Shangazi, akaushikilia. Mwiko ukatulia, ukaanza kuzunguka.

"Mpanda Paa," aliita Shangazi, "aliyeezeka nyumba za watu na yake ikavuja!"

"Tupo!" nilipiga kelele, na kutoka nje meza yetu ikashtuka, ikaelewa, ikaitika.

Akaendelea. Wifi alitazama huku na huku, na nikajua anatafuta sahani za kupanga. Hapakuwa na uani. Nyuma yake ukuta, mbele yake moto, na mkononi mwake mkono wa mtu mzima ambao hawezi kuuachia. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu, ilibidi asikilize. Muuza Chumvi alimfanya atabasamu. Fundi Saa alimfanya acheke kabisa. Mahali fulani hapo katikati nikaona mkono wa Shangazi unateleza kutoka chini ya wa Wifi, taratibu, kama wa mtu anayeuchomoa chini ya mtoto aliyelala. Wifi hakugundua. Alikuwa anakoroga peke yake.

"Mgeni," aliita Shangazi, "aliyekuja bila kwao, akasikiliza mpaka akaunguza!"

"Tupo!"

"Bila kwao kabisa?" aliuliza Wifi.

"Kabisa. Hata wa kumtumia salamu hakuwa naye."

"Na kwa upande wake mnamwita nani?"

"Hatuna wa kumwita. Upande wake unaanza na yeye."

Wifi akasimama hivyo hivyo, macho kwenye mchuzi lakini hauoni. Mwiko ulisimama pia. Sijui alikuwa anawaza nini, na sikumwuliza mpaka leo, na mtu anayenijua atakuambia hilo kwangu ni jambo kubwa. Mchuzi ukatoa povu zito. Kisha ikapanda ile harufu, harufu ya utoto wangu wote, ikapita mlangoni ikatoka nje, na nikasikia Kaka Mkubwa anasema kwa sauti ya kitoto, "Eeh, hiyo!"

"Mama, unaunguza!" mpishi akaropoka.

Wifi alishtuka. "Mungu wangu!" Akataka kuiepua sufuria, msimamizi wa matanuri ambaye hakuwahi kuunguza hata mkate mmoja.

"Iache," alisema Shangazi. Alikuwa ameinua mikono yake miwili mbele ya Wifi, mitupu, inatetemeka. "Angalia nani ameshika."

Wifi aliangalia mkono wake. Uso ulimbadilika.

"Hapana, Shangazi. Mimi si wa ukoo."

"Na yeye hakuwa."

"Hata mwito wenyewe siujui."

"Kidomo anaujua wote, hakosei hata mmoja. Atakufundisha." Ndipo Shangazi akageuka akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Kasuku naye ana kazi yake, mwanangu."

Iliniuma. Siwezi kupamba. Iliniuma kama meno, na wakati huohuo nilikuwa na furaha, kwa sababu baba yangu angeendelea kuitwa. Nilivuta pumzi nikapiga kelele "Tupo!" bila hata mtu kuitwa. Kule nje wakaitika wote, na nadhani hata meza mbili tatu zisizotuhusu.

Tulikula mchuzi ule mpaka tukafuta bakuli. Mpishi alionja kijiko kimoja, akatikisa kichwa, akaonja cha pili. Shangazi alikula amesimama, bakuli kiganjani, akiangalia nani hajaongezwa, na mhudumu akaacha kumsumbua.

Hakuifikia sikukuu iliyofuata. Aliondoka kwenye usingizi wake, na karakanani tulikuta kiti kimoja kimefumwa nusu, kamba imefungwa fundo ili isifumuke.

Mwaka ule wote nilikwenda kwa Wifi akitoka kazini, nikamfundisha mwito. Alijifunza vizuri kuliko nilivyotaka. Lakini kila nilipomwuliza atamwitaje Shangazi, alinipa kisogo akaendelea na kazi zake. Na mimi nilikuwa na maneno yangu mazuri, nimeyatunga kitandani, hakuyahitaji hata moja.

Sikukuu ikafika. Tulisukuma viti ukutani kwenye nyumba ya babu, tukashusha sufuria, Kaka Mkubwa akakaza waya wa sikio. Wifi aliacha kisaa chake nyumbani. Aliita Mpanda Paa, akaita Muuza Chumvi na Fundi Saa, akamwita Mgeni na mwiko ukachelewa kidogo, akamwita baba yangu. Kisha akazungusha mwiko tena. Jikoni palijaa watu na hapakusikika hata mtoto.

"Fundi Viti," alisema Wifi, "aliyesimama maisha yake yote mpaka na mimi nikapata pa kukaa."

Hakuna aliyeitika. Hatukuweza. Kaka Mkubwa alikuwa ameegemea kabati, uso ndani ya kiwiko, na mimi, Kidomo, sikuwa na sauti. Harufu ya kuungua ilianza kupanda kutoka chini ya sufuria. Wifi alifuta macho kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine akagonga ukingo kwa mwiko, kwa nguvu.

"Sijawasikia. Mmekufa nanyi?"

"Tupo!" tukasema.